Land Rover ya Mnadani

Gari lilifika nyumbani likikokotwa. Mbele trekta, nyuma Land Rover, na katikati kamba ya mkonge iliyokunjwa mara tatu, maana hata mnyororo hatukuwa nao. Ilikuwa Juni 1986, kipindi cha baridi huku Usambara, na ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, hivyo tulilisikia trekta kabla ya kuliona. Baba alikuwa amekaa kwenye usukani wa gari lisilo na uhai, mgongo umenyooka, mikono miwili juu ya usukani, kama dereva aliyetoka safari ya mbali. Majirani walitoka. Watoto walikimbia pembeni tangu barabarani hadi kwenye mparachichi wetu, na chini ya mparachichi huo gari likakaa miezi minne.

Nilikuwa na miaka 17. Nimeamua kuandika haya sasa kwa sababu kijana wangu ameniuliza swali ambalo nililisikia likiulizwa siku zile, na nimegundua kwamba waliolijibu wamebaki wachache.

Ilikuwa pikapu ya inchi 109, namba ambayo ni umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Taa zake mbili zilikuwa bado zimekaa katikati, ndani ya wavu wa mbele, zimekaribiana kama macho ya mtu aliyekunja uso. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kiwanda kilizihamishia kwenye madigadi, kwa hiyo letu lilikuwa la kabla ya hapo, lenye umri unaokaribiana na wangu. Baba alilinunua mnadani, kwenye shamba moja la mkonge upande wa Korogwe lililokuwa likiuza vyuma vyake kidogo kidogo baada ya bei ya mkonge kuporomoka. Kwenye pembe za bodi la nyuma kulikuwa na nyuzi za mkonge zilizokauka, na hata baada ya kuoshwa mara tatu halikuacha kunuka shamba. Kiti cha dereva kilikuwa springi tupu zilizofunikwa gunia.

Fedha zilizolinunua zilikuwa za misimu miwili ya kabichi na pilipili hoho. Zilizobaki zilitosha jambo moja kubwa, au mawili madogo. Ugomvi ulianzia hapo.

Baba hakutaka kibadilishwe chochote. Alikuwa karani wa ushirika hadi vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976, na Land Rover ya chama ndiyo iliyompeleka vijijini kununua mazao alipokuwa kijana mwenye kalamu mfukoni na suruali yenye mstari. Kwake gari hilo lilikuwa heshima iliyoondoka na kurudi. Alitaka litengenezwe lilivyotoka kiwandani, lipigwe rangi ya kijani cha chupa, basi. Alikuwa na sababu pia, si mapenzi matupu. Alisema waliolibuni walijua lilikokuwa likienda. Alipenda kutueleza jinsi Waingereza, baada ya vita, walivyopata chuma kwa mgawo ilhali aluminiamu ilikuwepo, wakalivika gari lao aluminiamu na kulionyesha Amsterdam mwaka 1948. Ndiyo maana bodi lilibonyea kila mahali lakini halikuwa na kutu hata chembe.

Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam na akili ya mjini. Huko, tangu mwaka 1983 watu binafsi waliporuhusiwa kusafirisha abiria, alikuwa ameziona pikapu zilizogeuzwa kuwa daladala, zenye mabenchi mawili marefu, abiria wakitazamana goti kwa goti kama walioketi mgahawani. Watu waliziita chai maharage. Mjomba alilizunguka gari letu mara mbili akipima kwa hatua, kisha akasema, "Shemeji, hapa watu 20 wanakaa."

Mpango wake ulikuwa huu: ukuta wa nyuma wa kebini ukatwe, chesisi irefushwe kwa kuunganishwa kipande, mabenchi yachomelewe kwenye sakafu, na injini ya petroli itupwe, mahali pake iingie ya dizeli ya Isuzu aliyokuwa ameiona inauzwa Tanga. Hesabu alikuwa nayo kwenye daftari. Petroli ilikuwa imetutesa miaka mingi. Tulikuwa tumezoea hata ile amri ya kutoendesha gari Jumapili baada ya saa nane mchana. Na mwaka ule shilingi ilishushwa thamani, bei za mafuta zikapanda nayo. Hakuna aliyeweza kumwambia mjomba kwamba anaota.

Mimi nilitaka taa. Nilitaka taa nne juu ya kebini na tairi pana, kama gari la mashindano nililoliona kwenye picha. Hakuna aliyeniuliza.

Waliokuja jioni kunywa chai nao walikuwa na maoni yao. Mmoja alitaka lirefushwe pande za juu kwa mbao ili libebe magogo. Mwingine alishauri liuzwe vipande. Baba alisikiliza wote, akawaaga kwa heshima, na asubuhi yake aliamka kabla ya swala kulifuta umande kwa kitambaa.

Mwisho waliafikiana jambo moja, aitwe fundi. Alikuwa mzee aliyefanya kazi gereji ya shamba la mkonge zaidi ya miaka 20, mwembamba, mkimya, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kimekatika nusu. Alikuja na mfuko wa turubai. Nilidhani atafungua boneti kwanza. Badala yake alivua viatu, akalala chali chini ya gari kwenye majani yenye umande, akatoa nyundo ndogo na kipande cha chaki.

Akaanza kugonga chesisi. Aligonga kila baada ya kiganja kimoja, kutoka mbele kwenda nyuma, jicho lake limefumbwa. Chuma kizima kilitoa sauti ya kengele ndogo, ng'a, ng'a, ng'a. Kisha ghafla, bu. Akarudi nyuma kidogo, akagonga tena, bu, akaweka alama ya chaki. "Hapa panalala maji," alisema. Aliweka alama nne, zote nyuma, karibu na springi zinapofungwa. Baba alikuwa amechuchumaa akitazama kama mtu anayesubiri daktari amalize kumpima mwanawe. Bodi la aluminiamu alilolisifu lilikuwa zima kweli, lakini lilikaa juu ya chuma cha kawaida, na chuma hicho kilikuwa kimeliwa kwa ndani, mahali ambapo macho hayafiki.

Alipotoka aliosha mikono, akapokea chai, ndipo mjomba akamweleza mpango wake. Fundi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo katika kila ninachokigusa: "Cha bolti kinarudi. Cha moto hakirudi."

Alikuwa na maana ya kifundi kabisa. Injini ya Isuzu ni nzuri, alisema, lakini haikuzaliwa na gia boksi hili. Itabidi mtu akereze bamba la kuziunganisha, akate kwa moto vikalio vya injini kwenye chesisi, achomelee vingine, asogeze radieta. Likiharibika jambo lolote huwezi kurudi nyuma, maana ulipotoka umepakata. Kisha akaeleza kitu ambacho hata baba hakukijua. Kiwanda chenyewe kilitengeneza injini mbili za lita 2.25, ya petroli na ya dizeli, zinazokaa juu ya vikalio vilevile na kufungwa kwenye gia boksi lilelile. Siku mkipata ya dizeli iliyotoka gari bovu, mnafungua bolti mnabadilisha. Ila mjue: ya petroli ina nguvu farasi 77, ya dizeli 62, na mlima wa Mombo hauhurumii. Hiyo ya petroli mliyo nayo ina mgandamizo mdogo, 7 kwa 1. Inavumilia hata petroli ya kuchanganywa. Msiitukane bado.

Basi wakaanza upya, mjomba akitetea dizeli, baba akitetea petroli, fundi akijibu anapoulizwa. Jua lilikuwa limeanza kupenya. Mama alikuwa ameketi kwenye kibaraza akichambua hoho, nyekundu huku, za kijani kule, zilizoanza kulainika pembeni za mboga ya jioni. Hakuwa ameinua kichwa tangu asubuhi.

"Na kusimama je?" alisema.

Baba akamgeukia. "Unasemaje, mama watoto?"

"Mnazungumza litakavyopanda. Likishuka na mzigo, litasimamaje?"

"Lina breki."

"Lilikuja likivutwa," mama akasema. "Nani amezikanyaga?"

Nakumbuka ukimya ule. Barabara ya Soni kushuka Mombo imechongwa ubavuni mwa mlima, jabali upande mmoja, korongo upande mwingine, na kona hazihesabiki. Sisi sote tuliokuwa tukibishana tulikuwa wanaume, na aliyeishuka mara nyingi kuliko sote, akiwa ameketi juu ya mzigo, alikuwa yeye.

Ndipo akasimulia, akiendelea kuchambua. Nilipokuwa na miaka saba au minane alishuka na lori la mizigo, wanawake sita juu ya matenga ya nyanya. Walipofika kona za chini alinusa kitu kama maharage yaliyoungulia chunguni. Hakujua kwamba breki hunuka. Dereva alijaribu kurudisha gia ndogo, gia ikakataa, lori likaanza kukimbia. Aliyewaokoa ni dereva yuleyule, aliyelisukumiza upande wa jabali hadi likasimama kwa kujikwangua. Matenga yalirukia korongoni. Mwenzake aliyeketi ukingoni alivunjika nyonga. Alipona, lakini hakutembea sawa tena.

"Miezi mitatu baada ya pale nilishuka Mombo kwa miguu," mama alisema. "Na tenga kichwani."

Niliikumbuka miezi ile. Nilikumbuka akiondoka usiku na kurudi usiku, nyayo zimepasuka, na mimi nikipaka mafuta ya nazi kwenye visigino vyake. Siku zote niliamini alikuwa anabana nauli. Hakuwa amemwambia mtu, hata baba. Nililiona hilo usoni mwa baba pale pale.

Fundi aliweka kikombe chini, akaanza kuzungumza na mama. Kwa muda wote uliobaki alizungumza naye, si na baba wala na mjomba. Alimweleza kwamba gari hili lina madramu magurudumu yote manne, lakini yote yanalishwa na silinda kubwa moja kwa njia moja. Paipu moja ikitoboka, breki zote zimekwenda. Kwamba breki ya mkono ya Land Rover haishiki magurudumu, inashika shafti inayotoka kwenye gia boksi. Nusu shafti ya ekseli ya nyuma ikikatika, na kwenye magari haya hukatika, breki ya mkono inakuwa imeshika hewa. Dawa yake ni kusimama mlimani ukiwa umebonyeza kile kirungu cha njano kinachounganisha magurudumu ya mbele. Kwamba gia ya kwanza na ya pili hazina cha kuzilainisha, zinataka klachi ikanyagwe mara mbili, na ukiitoa gia katikati ya mteremko huenda usiipate tena. "Gia ya kushukia unaichagua juu, ukiwa umesimama," alisema. Mama akauliza, "Ya ngapi?" Fundi akasema, "Ukiwa na mzigo, ya pili." Mama akaitikia kwa kichwa, kana kwamba ndiye atakayeendesha.

Jioni ile aliingia ndani akatoka na fedha zilizofungwa kwenye pindo la kanga. Ilikuwa zamu yake ya upatu. Aliziweka mezani, akasema ni za breki, na si za kitu kingine. Kwa hiyo wa kwanza kuamua alikuwa yeye, na mengine yalijipanga nyuma ya uamuzi wake.

Kazi ya breki ilichukua wiki tatu na mimi nilikuwa msaidizi. Raba za silinda za magurudumu zilipatikana Tanga baada ya safari mbili. Lainingi mpya zilipigwa ribiti pale pale chini ya mparachichi, fundi akinifundisha kuanza na ribiti za katikati kisha kwenda pembeni, ili lainingi isivimbe. Busta ya breki ilitoka kwenye Land Rover ya toleo la baadaye iliyokuwa imepinduka, ikafungwa kwa bolti nne. Paipu za zamani za chuma zilikuwa zimekwisha. Ukizibana kwa koleo zilipondeka kama bua. Fundi alileta mrija wa shaba. Hakuwa na mashine ya kukunjia, alitumia chupa ya soda: anauzungusha mrija taratibu kwenye tumbo la chupa, au kwenye shingo pale panapotaka kona kali, akipapasa kwa kile kidole kifupi kama unabonyea. Mimi nilishika upande wa pili na niliambiwa nisipumue. Kila baada ya shubiri mbili aliufunga kwenye chesisi, akiweka kwanza kipande cha tyubu ya baiskeli katikati, ili shaba isisuguane na chuma. "Tetemeko," alisema, "ndilo mwizi."

Zile sehemu nne za chesisi zilikatwa na kuwekwa viraka; huo ndio moto pekee uliotumika. Kwenye springi za nyuma liliongezwa jani moja kila upande. Mabenchi yalitengenezwa kwa mbao za mkaratusi, yakafungwa kwa bolti nane zilizopenya sakafu ya bodi, na juu yake matao ya bomba la kuvika turubai, nayo ya kufungua na kufunga. Siku za soko tuliondoa mabenchi tukapakia matenga. Siku za harusi na Idi tuliyarudisha. Rangi haikupigwa mwaka ule wala uliofuata, na baba hakulalamika. Injini ilibaki ile ile.

Mjomba alirudi Dar es Salaam kabla breki hazijaisha. Alinunua hisa kwenye chai maharage ya watu na, lazima niseme haki, alifanikiwa. Hesabu za daftari lake zilikuwa sahihi. Ndani ya miaka mitatu alijenga. Lakini aliumia kwamba alipuuzwa mbele ya fundi, na kwa miaka kadhaa alikuja nyumbani kama mgeni, anakaa kiti cha pembeni na kuaga mapema. Nilimpenda sana mjomba. Ningetamani mtu angemwambia wakati ule kwamba hakuna aliyemwona mjinga, ila swali lake halikuwa la kwanza kujibiwa.

Mwaka 1989 ilipatikana ile injini ya dizeli aliyoisema fundi, kutoka gari lililoungua nyuma. Tuliibadilisha kwa siku mbili, bila kukata kitu. Kweli ilikuwa nzito mlimani. Kwenye kona za juu watoto wa shule walitupita kwa miguu wakatupungia. Injini ya petroli tuliipaka grisi, tukaifunga magunia na kuiweka stoo juu ya magogo, na kila kiangazi baba aliizungusha kwa hendeli mara chache ili isigande. Gari lilifanya kazi hadi mwaka 2003. Halikuwahi kukimbia na mtu mteremkoni. Mama alipanda mbele, upande wa dirisha, na kwenye ile kona ya jabali aliacha kuzungumza hadi tuipite.

Sasa kijana wangu, ambaye kazi yake ni magari huko mjini, amekuja likizo na anataka kulifufua. Amenionyesha picha kwenye simu: linyanyuliwe, tairi pana, taa za mstari juu ya kebini, injini ya Toyota 1HZ ya silinda sita. Nilipoziona taa zile moyo ulinipiga. Nilizitaka kabla yeye hajazaliwa. Hajui hilo, na sikumwambia. Nilimwambia atafute nyundo ndogo na chaki.

Tulilala chini sote wawili, mimi kwa taabu, magoti hayakubali tena. Yeye akagonga, mimi nikasikiliza. Viraka vya fundi bado vinatoa sauti ya kengele. Mbele yake ndiko kulikooza, urefu wa mkono mzima, na pale sauti haikuwa hata bu, nyundo ilizama. Atahitaji chesisi nyingine, na atanibishia kuhusu injini, nami nitambishia. Lakini juu ya ule ubavu uliooza nilikuta mrija wa breki ukipita, umeshika ukijani, umefungwa kila baada ya shubiri mbili na kipande cha tyubu kilichokakamaa. Niliufuata kwa kidole hadi kwenye ile kona kali karibu na ekseli, ya shingo ya chupa. Haikuwa imebonyea. Nikaukwaruza kwa ukucha, na shaba ikang'aa.